Mashine imezimwa, mafuta bado yanadondoka

Ukikuta dimbwi la mafuta chini ya mashine asubuhi, usiharakishe kulaumu sili (kizibo kinachozuia mafuta kuvuja). Mara nyingi ni kidondoshi cha mkono, yaani chombo kinacholainisha cheni kwa mafuta tone kwa tone na kufunguliwa kwa mkono, kilichoachwa wazi. Kikiwekwa matone 5 kwa dakika, zamu ya saa 8 hutumia matone 2,400. Kwa kasi hiyohiyo, saa 16 za mashine kulala humwaga 4,800. Theluthi mbili ya mafuta unayonunua yanaishia sakafuni! Kibaya zaidi ni kinachofuata: mtu anakaza vali ya sindano, inayopima matone, ili kuzuia uchafu, kisha cheni inakosa mafuta mchana kutwa na viungo vyake vinaanza kutoa vumbi la rangi ya kutu.

Tunachofunga sisi ni vali ya umeme kati ya chombo cha mafuta na vali ya sindano, ya aina inayojifunga umeme ukikatika. Inapata umeme kupitia kontakti saidizi ya kontakta ya mota (swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima), kwa hiyo mota ikisimama, matone yanakoma. Koili ya volti 24 DC iwekewe diodi ya kinga dhidi ya mruko wa volti umeme unapokatwa. Kama mota inaendeshwa na inveta (kifaa kinachobadilisha kasi ya mota), usichukue umeme wa vali kwenye nyaya zinazotoka inveta kwenda kwenye mota: volti na masafa yake hubadilika na koili inaweza kuungua. Tumia relei (swichi ndogo ya umeme) ya inveta yenyewe.

Kasi ya matone huamuliwa na sindano, na hapo ndipo wengi hukosea. Mafuta ya ISO VG 68 (daraja la uzito wa mafuta) yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi ni mazito karibu mara tatu kuliko yakiwa na nyuzi 40. Ukirekebisha asubuhi mashine ikiwa ya baridi, mchana yatamiminika. Iache ifanye kazi hadi ipate joto lake la kawaida, hesabu matone kwenye kioo cha kidondoshi kwa dakika nzima, ndipo ukaze nati ya kufungia. Usiache chombo kikaribie kuisha, maana usawa wa mafuta ukishuka, matone nayo hupungua.

Matone yakianza vizuri kisha yakakoma ilhali chombo kimejaa, legeza mfuniko. Yakirudi, tundu la hewa limeziba kwa vumbi, lisafishe. Yasiporudi, fungua sindano utafute uchafu, na siku zote jaza mafuta kupitia chujio.

Kwenye cheni, tone liangukie kingo za bamba za viungo, upande wa ndani, kabla cheni haijaingia kwenye sproketi (gurudumu la meno). Kulipaka katikati ya rola hakusaidii sana, kwa sababu kinachosagika ni pini na bushi zilizo ndani ya rola. Cheni ikienda kasi, upepo wake hupeperusha tone. Hapo tunaweka brashi.

Unapoomba makadirio, tutumie volti za saketi ya udhibiti, aina ya mafuta, idadi ya sehemu za kulainishwa, na upana na kasi ya cheni.