Mbona Tanga na Salaita haziko kwa orodha?

Mhariri,

Salamu kutoka Kariokor. Mimi ni mtengeneza akala, hizi ndara za tairi, kibanda changu kiko upande wa kina mama wa viondo. Gazeti lenu nalisoma kila siku, siku zingine nalipata likiwa limeshafungia mtu ndizi lakini nasoma hivyo hivyo.

Naandika kwa sababu ya ule ukurasa wenu wa marudio ya mtihani, ule wa historia, mlioweka mapigano makubwa ya Vita vya Kwanza vya Dunia, chanzo upande huu matokeo upande ule. Mpwa wangu yuko fomu foo na jioni hupitia hapa tufunge kibanda ndio twende nyumbani, basi siku hiyo akanipa gazeti akaniambia ankoo ebu niulize maswali. Nikamuuliza. Marne, Septemba 1914, akajibu sawasawa, Wajerumani walitaka kuimaliza Ufaransa haraka kabla Urusi haijajipanga, wakazuiwa karibu na Paris, wote wakachimba mahandaki na vita vikakwama hapo miaka. Verdun akapita. Somme akanitajia mpaka hesabu, tarehe 1 Julai 1916 karibu Waingereza 20,000 walikufa siku moja. Nikamwambia hongera. Alafu nikamuuliza, na Tanga? Akasema hiyo haiko. Na Salaita? Akaniuliza, huyo ni nani?

Huyo ni nani! Mimi ni mtoto wa Taita, Salaita ni kilima kiko hapo kabla ufike Taveta, tukiwa wadogo tukitembelea shangazi tulikuwa tunaokota maganda ya risasi baada ya mvua, yamegeuka kijani, unapuliza kwa mdomo wa ganda linalia kama filimbi. Shangazi alikuwa anatupigia kelele tutupe, anasema hiyo ni mali ya wafu.

Sina neno na Marne, Mhariri. Lakini huyu kijana alikuwa ananisomea matokeo ya mapigano ya Ulaya akiwa amekalia tairi ndani ya Kariokor, na Kariokor yenyewe ni matokeo. Hili jina ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza, kambi yao ilikuwa maeneo haya na watu wakalitamka vile ulimi uliweza. Dar es Salaam wana Kariakoo yao, ni jina lile lile. Sasa walifikaje hapa? Jibu linaanzia Tanga ndio maana nimekasirika kidogo.

Tanga ni Novemba 1914. Chanzo chake kikubwa ni reli. Mjerumani, ambaye ndiye alikuwa anatawala Tanganyika, alikuwa na reli ya kutoka Tanga hadi Moshi, Mwingereza alikuwa na yake ya Mombasa kwenda Kisumu na hiyo inapita Voi, si mbali na mpaka. Magavana wa pande zote hawakutaka vita vifike huku, lakini mkuu wa jeshi la Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na hesabu zake. Alijua huku hashindi, lakini akimsumbua Mwingereza vya kutosha atamlazimisha kuleta huku askari ambao wangeenda kupigana Ufaransa. Agosti tu Wajerumani walikuwa wameshachukua Taveta. Basi Mwingereza akasema tumkabe pale bandarini, akaleta meli zikiwa na watu kama 8,000 kutoka India, mkubwa wao Jenerali Aitken.

Sasa sikia maajabu. Kabla ya mtu yeyote kushuka, tarehe 2, manowari yao iitwayo Fox ikaingia kwanza kuwajulisha watu wa Tanga kwamba makubaliano ya kutopigana yaliyokuwepo yameisha, basi msalimu amri. Ni kama mwizi apige hodi, ajitambulishe, alafu aende kutafuta mlango wa nyuma. Wakati wanashusha watu polepole huko pembeni Lettow anapakia askari wake kwa treni Moshi. Wale Wahindi walikuwa wamekaa melini wiki kadhaa, wamechoka, wanatapika, na Aitken alikuwa ameahidiwa askari wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, wanaojua pori la huku akasema hawahitaji. Tarehe 4 wakaingia kichakani, risasi huku, alafu nyuki nao wakatoka kwa hasira wakauma kila mtu bila kuuliza bendera. Tarehe 5 wakarudi melini. Watu elfu moja hivi wa Lettow walikuwa wamefukuza watu 8,000, na hao 8,000 wakaacha ufuoni bunduki kwa mamia, bombomu 16, zile bunduki za rashasha, na risasi 600,000. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kama ningekuwa ticha ningepigia mstari. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado wanatumia bunduki za zamani, ukipiga moja linatoka wingu la moshi adui anajua uko wapi, na sasa Mwingereza mwenyewe amewaletea mpya mpaka mlangoni.

Wiki ile ile Waingereza walijaribu pia Longido upande wa kaskazini ya Kilimanjaro, nako wakarudi mikono mitupu. Kwa maoni yangu Tanga ingeanguka siku ile mambo huku yangekuwa mafupi sana. Haikuanguka na ikawa miaka minne.

Januari 1915 kukawa na Jassin, hapo mpakani upande wa Vanga. Lettow alishinda lakini akapoteza maofisa na akamaliza risasi nyingi, kama 200,000, akaona akishinda hivyo mara mbili tatu zaidi amekwisha. Tangu hapo akaacha mapigano ya uso kwa uso akaanza mchezo wa kupiga na kutoroka, vikundi vidogo vinavuka usiku kuja kulipua reli ya kwetu. Na hapo watu wa Taita tukaingia kwa shida ambayo siku hizi haina mtu anaitaja. Watu wa Kasigau walishukiwa kwamba ndio wamewaelekeza Wajerumani, Mwingereza akawabeba 1915, kijiji kizima wazee na watoto, akawapeleka Malindi. Huko homa ikawamaliza wengi. Waliobaki walirudi kwao miaka ya 1930. Hayo nayo si matokeo?

Salaita yenyewe ni tarehe 12 Februari 1916. Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini walikuwa wamefika wapya, wanawacheka Wahindi wa jeshi lao wenyewe, wakapanda kile kilima alichokishika Mjerumani na wakateremka mbio. Waliowakinga wakirudi nyuma ni Wabaluchi, wale wale waliochekwa, na inasemekana ndio waliookota bombomu lililoachwa wakawarudishia wenyewe. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts wa Afrika Kusini akaja na nguvu, Machi wakapigana usiku kwenye vilima vya Latema na Reata, Taveta ikarudi, na reli ambayo walikuwa wanaisukuma kutoka Voi ikaunganishwa na ile ya Mjerumani huko Kahe. Kwa hivyo ukiona reli ya Voi hadi Taveta jua ni mtoto wa vita vile.

Lakini reli iliishia hapo na Lettow hakuishia hapo, akashuka kusini. Mahali alipopita pana mbung'o, farasi na ng'ombe wa jeshi wakafa kama nzi, malori yanazama matopeni. Ndio mzigo ukarudi kwa kichwa cha mtu. Nilimpigia mpwa wangu hesabu kwa chaki sakafuni. Mtu anabeba kilo 25 hivi. Anakula kama kilo moja ya unga kwa siku. Akitumwa mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, yeye peke yake amekula kilo 20, anamfikishia askari kilo tano. Ukisogeza mapigano mbele siku tatu tu hana kitu cha kumpa, ameshakula mzigo wote. Sasa unahitaji wapagazi wa kubebea wapagazi chakula. Kijana akatulia akasema ankoo hiyo haiwezekani. Nikamwambia iliwezekana, ndio maana kuna Kariokor.

Mwanzo wa 1917 Smuts akaondoka akisema kazi karibu imeisha, wazungu wengi wa Afrika Kusini walikuwa wamerudishwa wagonjwa, na KAR ambayo Tanga ilikataliwa ndiyo ikaitwa iokoe jahazi, kutoka askari kama 2,300 vita vilipoanza hadi zaidi ya 30,000 vikiisha. Na kila askari lazima kuna watu nyuma yake wamembebea. Mwaka huo huo ofisa wa serikali ya kikoloni, John Ainsworth, akapewa kazi ya kukusanya wapagazi kwa wingi, machifu wakaambiwa leteni idadi fulani, watu wakachukuliwa usiku, wakachukuliwa sokoni. Babu yake mama yangu alichukuliwa hivyo. Nyanya alikuwa akisema walimpa blanketi moja, na halikurudi blanketi wala yeye.

Na hao hawakufa kwa risasi sana. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka haraka, wengine wametoka kwa watu wasiokula mahindi kabisa. Rekodi za serikali yenyewe zilihesabu zaidi ya 40,000 waliokufa kutoka Afrika Mashariki, na hao ni wale walioandikwa.

Alafu ikaja Mahiwa, Oktoba 1917, kule ndani ya Lindi. Siku nne, Mwingereza akapoteza kama 2,700 kati ya watu karibu 5,000, wengi wao vijana wa Nigeria na wa KAR, Lettow akapoteza kama 500. Ukiangalia idadi utasema Mjerumani kashinda, lakini yeye ndiye hakuwa na watu wa kuziba wala risasi, kwa hivyo mwezi uliofuata akavuka Ruvuma akaingia kwa Mreno huko Msumbiji, akampiga mahali paitwapo Ngomano akajitwalia silaha na chakula, na mwaka mzima wa 1918 wakamfuata na mizigo kichwani. Ulaya walinyamazisha bunduki tarehe 11 Novemba. Lettow alisalimu amri Abercorn, sasa ni Mbala Zambia, tarehe 25. Hapo ndani kuna wiki mbili ambazo watu walikuwa bado kwa barabara na mizigo.

Waliorudi walikuta nini? Mafua makali ya 1918 na njaa. Mishahara ya wenzao waliokufa ikabishaniwa miaka na haikufika kwa jamaa. Ardhi ikagawiwa wanajeshi wazungu waliostaafu kutoka 1919. Kipande cha utambulisho shingoni, kodi juu, 1920 tukaitwa koloni, 1921 wazungu wakataka kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa thuluthi moja. Ndio hapo Harry Thuku akatokea kupinga, akakamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliotaka aachiwe wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi hapo mjini, Mary Nyanjiru akiwa mbele. Ukitaka kuchora mshale kutoka Tanga hadi pale, si mrefu.

Kuna ile sanamu Kenyatta Avenue, watu watatu wa shaba, matatu zinapita hapo siku nzima. Imeandikwa hata kwa Kiswahili, inasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukifia nchi yako watoto wako watalikumbuka jina lako. Nimeizunguka nikitafuta jina. Hakuna hata moja.

Ombi langu ni dogo. Hiyo orodha yenu irudieni, wekeni Tanga, Jassin, Salaita na Mahiwa, chanzo na matokeo kama mlivyofanya Somme. Na wasomaji ambao kwao kuna mzee aliyeachiwa habari za kariakoo waandike sasa, manake sisi wajukuu wenyewe tumeanza kuota mvi. Mkituma mwandishi aje asubuhi kama saa tatu, kabla wateja hawajajaa, aulize tu mtu wa akala, nitamwonyesha ganda moja la risasi ambalo shangazi hakuliona.

Mpwa wangu ameandika Tanga pembeni mwa daftari yake. Kwa penseli lakini, anasema akiandika kwa kalamu ticha atamwambia hiyo haiko.

Mtengeneza akala,
Kariokor, Nairobi