Picha ikiganda kwenye simu, msimsingizie bando

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila wikiendi ya mechi malalamiko ni yaleyale: mtu amefunga kompyuta nyumbani ipokee chaneli za antena na kuzirusha kwenye simu za wanafamilia, picha inaganda, kaduara kanazunguka, na Jumatatu asubuhi anakwenda kununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti. Mara nyingi picha inaendelea kuganda kama kawaida, kwa sababu aliyelaumiwa siye mwenye kosa.

Wengi hukosea tangu dukani. Vijiti vingi vya bei nafuu vya kuchomeka kwenye USB ya kompyuta vina chipu ya RTL2832U peke yake, na hiyo inasoma DVB-T tu, yaani mfumo wa zamani wa matangazo ya dijitali ya antena. Ukanda wetu ulichagua DVB-T2, toleo lake la pili. Ukichomeka kijiti cha aina hiyo, kompyuta inakitambua vizuri, programu inafunguka, utafutaji unakwenda hadi asilimia 100, halafu chaneli sifuri. Mtu anapanda juu ya bati kugeuza antena jua kali, na antena haina kosa lolote. Tafuta kijiti chenye chipu ya kusoma T2, kwa mfano Si2168. Kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux, chipu hiyo inahitaji faili lake la programu ya ndani liwekwe kwenye folda ya /lib/firmware. Bila faili hilo kijiti kinaonekana lakini hakishiki kitu. Andika amri ya dmesg, utaona jina la faili linalokosekana, mara nyingi dvb-demod-si2168-b40-01.fw.

Kijiti kimoja hushika multipleksi moja kwa wakati, yaani kile kipande cha masafa chenye upana wa megahezi 8 kinachobeba chaneli kadhaa pamoja. Kwenye UHF, masafa ya runinga, kipande cha kwanza ni namba 21; katikati yake ni megahezi 474, na kila kinachofuata unaongeza 8. Simu tatu zinaweza kutazama chaneli tatu tofauti kupitia kijiti kimoja, mradi zote zimo kwenye multipleksi ileile. Bibi akitaka taarifa ya habari iliyo kwenye multipleksi nyingine, ama yeye atanyimwa ama watoto watakatiwa katuni yao. Nyumba yenye ugomvi wa namna hiyo inunue kijiti cha pili, ikikumbuka kwamba kigawanyo cha antena cha njia mbili kinakula desibeli kama 3.5 za mawimbi kila upande, yaani zaidi ya nusu ya nguvu yake. Chaneli za kulipia zilizofungwa kwa kadi ziacheni. Kijiti hakizifungui, na anayekuuzia programu ya kuzifungua anakuuzia wizi.

Kwa upande wa programu, Tvheadend inatosha, nayo ni ya bure. Ukiisha kuiweka kwenye kompyuta, fungua kivinjari kwenye anwani ya kompyuta hiyo, lango (port) 9981, tengeneza mtandao wa aina ya DVB-T, uunganishe na kijiti, ongeza masafa ya mnara wako kwa mkono, chagua DVB-T2 na upana wa megahezi 8, kisha iache itafute. Usitegemee orodha za masafa zilizokuja na programu; nyingi zimepitwa na wakati.

Sasa kuganda kwenyewe. Kwenye ukurasa wa hali ya Tvheadend, sehemu ya mitiririko, kuna safu ya makosa ya mwendelezo. Matangazo ya dijitali husafiri kwa vipakiti vya baiti 188, na vya kila mtiririko vinapewa namba kwa mpangilio, 0 hadi 15, halafu vinaanza upya. Namba ikirukwa, programu inahesabu kosa. Fungua chaneli moja, iache dakika kumi, uitazame safu hiyo. Hesabu ikipanda huku picha ikivunjika vipande vya mraba, tatizo liko kabla ya kompyuta: antena, waya, kiungio kilichoingia maji ya mvua, au kikuza mawimbi kilichofungwa karibu mno na mnara hadi kijiti kinalemewa. Mawimbi yanayozidi yanaharibu picha sawa na yanayopungua. Hesabu ikibaki sifuri na simu bado inakwama, antena imetoka kwenye kesi, fuata mtandao. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na ajabu ni wachache wanaokifanya kabla ya kufungua pochi.

Ndani ya nyumba kosa la kawaida ni kompyuta yenyewe kutumia Wi-Fi. Kila kipande cha picha kinasafiri hewani mara mbili, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu, kwenye masafa yaleyale ambayo jirani naye anayatumia. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, nusu ya matatizo yataisha. Na usirushe kwa mtindo wa multikasti, yaani mtiririko mmoja kwa vifaa vyote kwa pamoja, juu ya Wi-Fi: ruta nyingi huutuma kwa kasi ya chini kabisa ili kila kifaa kisikie, na mtandao mzima unazama.

Nje ya nyumba hesabu inabadilika. Hapo kinachobeba picha ni kasi ya kupakia ya intaneti ya nyumbani. Ile kasi kubwa iliyoandikwa kwenye bango ni ya kupakua. Kila mtazamaji aliye nje anachukua mtiririko wake, hawagawani. Chaneli iliyobanwa, yaani iliyopunguzwa uzito wa data, hadi mistari 480 kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa; ya mistari 720 kwa megabiti 2.5 inapita megabaiti 1,100. Kama kijana yuko Muscat anatazama habari za nyumbani kwa simu, bando linaliwa pande mbili, lake na la nyumbani. Pima kasi ya kupakia saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni, na usipange kutumia zaidi ya theluthi mbili ya utakachopata. Ukipata megabiti 5, hao ni watazamaji wawili wa megabiti 1.5, basi.

Kuibana picha kunataka nguvu. Laptopu ya zamani ya Intel Core ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, tayari ina sehemu ya kubana video ndani ya prosesa, lakini lazima uiwashe kwenye mipangilio. Usipoiwasha, prosesa inabeba mzigo wote, feni inalia kama mashine ya kusaga na picha inarukaruka. Washa pia uondoaji wa mistari pishani. Matangazo mengi yanarushwa mistari isiyogawanyika kwa mbili kwanza, kisha inayogawanyika, na usipoiunganisha vizuri utaona meno ya kitana pembeni mwa mchezaji anayekimbia. Wengi wanadhani hiyo ni intaneti dhaifu.

Kuna na kuchelewa. Picha inapokatwa vipande vya sekunde 6, simu kwa kawaida inangoja vitatu ndipo ianze, hivyo uko nyuma sekunde 18. Jirani mwenye king'amuzi atashangilia bao wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Punguza vipande hadi sekunde 2, na picha kamili ije kila fremu 50 kwa matangazo ya fremu 25 kwa sekunde. Kushuka zaidi ya hapo kwenye mtandao wa simu ni kutafuta balaa.

Ukifungua lango kwenye ruta na bado simu iliyo nje haioni kompyuta, tazama anwani ya nje ya ruta. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imekuweka kwenye anwani moja na wateja wengine wengi, na hakuna lango utakalofungua likafika kwako. Hapo tumia programu za kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha: Tailscale, au WireGuard kupitia seva ndogo yenye anwani yake. Kwa Tailscale, andika tailscale status uone kama njia ni ya moja kwa moja au inapitia kituo cha kati; ya kituo cha kati mara nyingi haiwezi mistari 720. Hata wenye anwani yao wenyewe wasiuache ukurasa wa 9981 wazi kwa dunia nzima.

Haya yote ni kwa watu wa nyumba moja. Anayewaunganisha majirani kwa kuwatoza fedha anafanya biashara ya utangazaji, na hiyo inahitaji leseni na ridhaa ya wenye chaneli.

Ombi langu kwenu, Mhariri: magazeti yanapochapa jedwali la kulinganisha vifurushi vya intaneti ya nyumbani, safu huwa ni bei na kasi ya kupakua. Ongezeni safu tatu: kasi ya kupakia, kama mteja anapata anwani yake mwenyewe au ya kushirikiana, na kama data inayopakiwa inahesabiwa kwenye kikomo cha matumizi. Wenye maduka nao waandike kwenye karatasi ya bei kama kijiti ni T au T2. Herufi moja na tarakimu moja, haijazi hata kona ya karatasi.

Fundi antena na mitandao,
Tanga