Jua ni bure, betri siyo: kwa nini sola yako "imekufa" kabla ya mwaka

Kila masika yakiisha, malalamiko ni yale yale: "Nyie watu wa sola mnatupiga. Jua la Mungu ni bure, mnatuuzia bei ya juu, halafu betri haimalizi hata mwaka." Safari hii yametoka kwa mteja wa Mabokweni, hapa Tanga, tena mbele ya wateja wengine. Ana haki ya kupata jibu kamili, na wengine wenye swali hilo pia.

Betri yake ilipopimwa ikiwa haina mzigo ilisoma volti 11.6. Betri ya asidi, yaani ile ya kawaida yenye bamba za risasi, iliyojaa husoma kama 12.7. Ikifika 12.2 imebaki nusu, na hapo ndipo pa kuiacha ipumzike. Maana yake betri ya 100Ah (ampea-saa 100), ambayo kwenye karatasi ina wati-saa 1,200 (100 mara volti 12), ya kutumia ni 600 tu. Ukiikamua chini ya hapo kila usiku bila kuijaza vizuri mchana, ukoko wa salfeti hujijenga kwenye bamba za risasi. Ukishakuwa mgumu hautoki tena, hata uchaji wiki nzima.

Kwa nini haikuwa inajaa, na paneli ni nzima? Waya. Fundi wa mtaani alivuta waya wa milimita za mraba 2.5 uliobaki kwenye ujenzi, mita 10 kutoka juu ya bati hadi chumbani. Paneli ya wati 300 ya mfumo wa volti 12 inasukuma kama ampea 17. Kwa waya huo, kwenda na kurudi, unapoteza karibu volti 2.4 njiani. Na paneli yenyewe ikipigwa na jua la saa saba mchana, joto linashusha volti zake kutoka 18 hadi 15 na nusu. Toa 2.4, betri inaonja 13.1, ilhali ili ijae inataka 14.4. Kuanzia hapo chaji inaingia kwa kusuasua, jua linazama haijajaa, na kesho yake ni hivyo hivyo. Waya wa milimita za mraba 10 ungepoteza volti 0.6 tu. Ni ghali, ndiyo, lakini bei ya betri mpya ni kubwa kuliko tofauti ya nyaya hizo.

Njia nyingine ya mkato tunayoiona sana ni betri ya gari. Bamba zake ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kupiga stata, basi. Ukiiwashia taa na TV usiku kucha, miezi michache tu imekwisha. Kuna na wanaoongezea betri maji ya kisima. Visima vyetu vya pwani vina chumvi, na chumvi inaua betri bila kelele. Ongeza maji ya betri yasiyo na asidi tu, yafunike bamba, usijaze hadi mdomoni.

Sasa hesabu, maana bei yetu inatoka hapa. Nyumba yenye taa 5 za wati 7 kwa saa 5 inakula wati-saa 175. TV ya wati 50 kwa saa 5, 250. Feni ya wati 50 kwa saa 8, 400. Jumla 825. Inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vifaa vya nyumbani, nayo inakula chake, kwa hiyo betri itoe kama 970. Kwa betri ya asidi, ambayo unatumia nusu, hapo ni 200Ah. Kwa lithiamu, 100Ah inatosha, kwa sababu unaweza kutumia asilimia 80 yake bila kuiumiza, na huichaji na kuitumia zaidi ya mara 2,000. Paneli tunazipigia hesabu ya saa 4 za jua kamili, si 5, kwa ajili ya masika. Inatoka wati 300, na kontrola (kifaa kinachosimamia chaji inayotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri) ya ampea 30. Mteja akisema "nipunguzie, niwekee betri moja ya 100Ah ya asidi," tunamwambia aondoe feni kwanza. Tukikubali kuuza bila kusema hivyo, hapo ndipo tungekuwa tumempiga kweli.

Chumvi ya hewani nayo haisamehi. Raskazone, Sahare, Kigombe, bolti za kawaida zinaliwa na kutu mapema. Tunafunga za chuma kisichoshika kutu, na fyuzi karibu kabisa na betri. Paneli tunaielekeza kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iioshe. Upande wa Pongwe na Maweni vumbi la chokaa likikutana na umande linaganda. Lifute kwa maji na kitambaa asubuhi, paneli ikiwa baridi. Na kivuli cha kuti moja la mnazi kikikatiza paneli kinaweza kula sehemu kubwa ya umeme wake, si ile sehemu iliyofunikwa tu.

Je, jenereta ni nafuu? Siku ya kununua, ndiyo. Inabeba pasi na mashine ya kuchomelea, na mawingu hayaihusu. Lakini inakunywa petroli kila saa hata ukiwasha taa mbili, inadai oili mpya kila baada ya saa 100 hivi, na moshi wake ni sumu: usiiwashe ndani wala barazani karibu na dirisha. Gesi kwa kupikia ni nzuri. Usijaribu kupikia kwa betri. Mkaa ni nishati jadidifu, yaani inayorudi tena ikitumika, pale tu miti inapopandwa tena.

Umeme wa TANESCO ukipita mlangoni kwako, uvute, uifanye sola iwe akiba. Umeme wa gridi wenyewe ni mchanganyiko: maji ya mto Pangani pale Hale, megawati 21 tangu 1964, na Pangani Falls, 68, Bwawa la Nyerere kule Rufiji, 2,115, na gesi ya Songo Songo tangu 2004. Maji ni jadidifu lakini ukame unayapunguza. Gesi haijali ukame, ila ikichomwa imekwenda.

Ukija dukani, njoo na wati za kila kifaa (zimeandikwa nyuma yake), saa unazokitumia, na umbali wa mita kutoka bati hadi pa kuweka betri. Friji taja mapema, kwa sababu mota yake inapoanza inavuta mara 3 hadi 5 ya wati zilizoandikwa. Dhamana yetu inahusu kazi tuliyofunga wenyewe, kwa waya tuliouchagua. Betri iliyotiwa maji ya kisima au iliyounganishwa moja kwa moja na paneli bila kontrola haimo.