Kwa Neema, kabla hujaondoka

Mwanangu Neema,

Barua yako ya ajira nimeisoma yote, hata yale maandishi madogo ya nyuma. Kuacha kampuni ya mawakili uende New York kuwatetea Wayahudi wanaotukanwa na kutishwa ni jambo la heshima, na shangazi zako nimeshawatangazia. Ingawa wao wamesikia kutoka kwangu, wewe hukuwapigia hata simu.

Jambo langu ni moja. Siku utakayoambiwa mshtakiwa yuko tayari kuomba radhi, usikimbilie kalamu.

Lisome shauri la Sapiro dhidi ya Ford. Aaron Sapiro alikuwa wakili aliyezunguka Marekani na Kanada akiunda vyama vya ushirika vya wakulima, kazi ambayo sisi watu wa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, tunaielewa. Gazeti la Henry Ford, yule mwenye kiwanda cha magari, liitwalo Dearborn Independent, lilianza mwaka 1920 kuwazulia Wayahudi njama ya kuitawala dunia. Mawakala wake wa magari ndio waliosukumwa kuliuza. Lilipomgeukia Sapiro kwamba anawanyonya wakulima, alishtaki mwaka 1925 akidai dola milioni 1. Alishtaki kwa jina lake mwenyewe. Sheria ya kashfa ilimlinda mtu aliyetajwa, na jaji hakukubali kesi igeuke ya Wayahudi wote. Nawe tafuta mlalamikaji mwenye jina na hasara inayoonekana, la sivyo utaulizwa nani hasa aliumia, ukae kimya.

Shauri lilisikilizwa Detroit, Machi 1927. Mhariri alijitwisha lawama zote, Ford hakutoa ushahidi. Aprili mjumbe mmoja wa juri akaongea na gazeti, kesi ikavunjika. Ndipo watu wa Ford walipomfuata Louis Marshall, wakili mkubwa wa New York na rais wa American Jewish Committee, shirika la kutetea Wayahudi, naye akaiandika yeye mwenyewe radhi ya Ford. Ilitangazwa Julai, watu wakashangilia.

Sasa tazama yaliyofuata. Harry Bennett, mtu wa karibu wa Ford, alikuja kusema saini ya Ford kwenye radhi ile aliiweka yeye. Makala zilikuwa zimeshatoka kama vitabu, hakimiliki haikushikiliwa, na Fritsch, mchapishaji wa kule Leipzig, Ujerumani, akaendelea kuchapa kwa Kijerumani. Mwaka 1938 Ford akapokea nishani ya serikali ya Hitler. Marshall simlaumu sana, alipata alichoweza kupata, lakini radhi haikuwa na meno.

Kwa hiyo saini iwekwe mbele ya shahidi uliyemleta wewe. Kila toleo na kila tafsiri itajwe kwa jina, maana kisichotajwa kitachapwa tena. Haki za kuchapisha zihamie kwa mlalamikaji. Iwepo tarehe ya mwisho na faini kwa kila siku ya kuchelewa, na mahakama ibaki na uwezo wa kukazia hukumu. Wakikataa la faini, ujue hawana nia. Usisaini, Neema. Hata bosi wako akiwa na haraka.

Mimi ndiye niliyekung'ang'aniza uhasibu, tuyaache hayo.

Chumba cha Sinza usikiachie bila kumpiga picha mwenye nyumba akisoma mita ya luku, na amana akurudishie kabla hujatoa funguo. Sweta la baba yako zito nimelifunga kwenye begi la kijani. Kahawa usibebe zaidi ya kilo mbili. Na dawa za presha za baba yako zinaishia Ijumaa, ukipita mjini mchukulie.

Mama yako