Shoga angu, kabla hujapanda ndege kuja Denmark

Shoga angu kipenzi,

Meseji zako za sauti nimezisikiliza zote, nyingine mara mbili. Hongera jamani, na shemeji mfikishie salamu zangu, kuitwa kazi kwenye kampuni ya mitambo ya upepo huku Aarhus sio jambo dogo. Umeniuliza mawili, kama na wewe kazi utapata au utabaki ndani na CPA yako kabatini, na kama ni kweli Wadenishi hawataki watu. Nimeona nikuandikie badala ya kurekodi maana haya utataka kuyarudia ukiwa umetulia. Naanza na hilo la watu kwa sababu hata kazi mimi niliipatia hukohuko kwenye watu, huku haya mawili yanapita mlango mmoja na nataka ulijue hilo mapema.

Kwanza toa wasiwasi, sio watu wabaya. Mdenishi anaanza shule darasa la sifuri na anakaa na watoto walewale mpaka la tisa, darasa moja, wanacheza handiboli pamoja, wanaenda kambi pamoja, wakifika miaka thelathini bado wanaalikana haohao. Kwa hiyo we unafika unamkuta mtu ameshajaa. Hana neno na wewe ila nafasi ndo hana, na nafasi hiyo huipati kwa kuchekeana kwenye lifti. Alafu kuna kalenda. Huku mtu hapigiwi hodi, ukitaka kunywa nae kahawa mnatoa simu wote wawili mnatafuta siku, na wanahesabu kwa wiki, atakwambia tuonane wiki ya 43 maana wiki ya 42 shule zimefungwa anaenda na watoto kwa bibi yao. Mwanzoni utaona kama anakukwepa. Hakukwepi, ikishaandikwa imeandikwa, siku hiyo atakuwepo dakika ileile mliyosema, na mimi hilo nimelipenda kwao sikufichi.

Kwenye basi kimya, kwenye ngazi jirani atasema hej, yaani habari, kaingia kwake kafunga mlango. Lakini nimeona mama kaanguka na baiskeli kwenye barafu, watu wakasimama hapohapo, mmoja kaokota viatu vya mtoto, mwingine kapiga simu, wamekaa nae mpaka kachukuliwa. Vijijini utakuta viazi na maua juu ya meza pembeni ya barabara, muuzaji hayupo, unachukua unalipa kwa MobilePay, ndo M-Pesa yao hiyo, unaondoka. Watoto wachanga wanalazwa kwenye vigari nje ya mgahawa, mama yuko ndani anakunywa kahawa yake. Hawa wanaaminiana kiasi hicho, sasa mgeni inabidi apewe muda mpaka na yeye ahesabiwe humo, na muda huo haupiti ukiwa umekaa sebuleni.

Mlango wenyewe ni huu, vyama. Huku ukitaka kupiga mpira kuna chama, kuimba kuna chama, kulima bustani, kushona, kuogelea kwenye maji ya baridi Januari, vyote vina mwenyekiti na mweka hazina na mkutano mkuu wa mwaka na ada. Mdenishi hajui kukaribisha mtu asiemjua nyumbani kwake ila kwenye chama anakupokea kabisa, maana pale kuna kitu cha kufanya na mikono ina kazi, maneno yanakuja yenyewe baadae. We chagua kitu kimoja tu kinachokutana kila wiki, ukae nacho, usiache mvua ikianza Novemba. Hapo kwenye Novemba ndo wageni wengi wanaachia, wanaenda mwezi mmoja wanasema hamna mtu alieongea na mimi, wanarudi kukaa ndani.

Mimi niliingia kwaya. Sio ya kanisa, ya mtaa tu, wanakutana jioni kwenye ukumbi wa shule. Kidenishi nilikuwa sijui nyimbo zinasema nini ila noti ni noti. Katikati ya mazoezi kuna mapumziko ya kahawa na ukutani kuna karatasi, kila mtu anajiandikisha siku yake ya kuleta keki, miezi yote hiyo mimi nakula keki za watu, wananiuliza hali ya hewa, basi. Desemba ikafika zamu yangu. Sasa sikia, kule kwenye duka la mitumba la Msalaba Mwekundu nilikuwa nimeona chuma cha vitumbua! Chuma chenyewe kabisa, kizito, vishimo vya duara, nikadhani macho yananidanganya. Kumbe na wao wana vitumbua vyao vya ngano, wanaita æbleskiver, wanakula Desemba na jamu na sukari ya unga. Nikaloweka mchele usiku, asubuhi nikausaga na tui la kopo, iliki, hamira, nikachoma sufuria nzima nikaipeleka ikiwa imefungwa taulo. Yule mama wa sauti ya tatu akafunua akasema hizi ni zetu, akang'ata, akanyamaza, akauliza hii ladha ni nini, nikamwambia ni mchele na nazi na kule kwetu tunakula asubuhi na chai. Shoga, mapumziko yale yalipitiliza. Kila mtu ana bibi aliekuwa na chuma kile, kila mtu anaeleza bibi yake alikuwa anageuza na sindano ya kufumia, sisi tunageuza na kijiti. Na mzee mmoja wa besi, siku zote nilikuwa namuona mkimya, akaja akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba alifundishwa pale Usa River Arusha, kwenye kile chuo cha Wadenishi, zamani akiwa kijana anaenda kufanya kazi Tanzania. Alikuwa anasubiri nimzoee!

Baada ya hapo ndo nikaanza kualikwa. Ukialikwa, chakula cha jioni ni saa kumi na mbili kamili, sio saa mbili, ufike kamili, usifike mapema pia. Vua viatu mlangoni. Peleka maua au kitu kidogo. Mkionana tena, unaanza kwa kushukuru kwa siku ile, wanalitilia maanani hilo hata kama imepita miezi. Na wewe ualike, usingoje uwe na seti ya vyombo, pika pilau, wapangie tarehe mapema, watakuja wote na watakaa mpaka usiku. Na nakuapia Mdenishi akishakuwa rafiki ni rafiki, mwaka jana nimelazwa, yule mama wa sauti ya tatu ndo alikuwa anamchukua mwanangu shule kila siku bila mimi kuomba.

Kwako watakusaidia watoto pia. Chekechea za watoto manispaa ndo inalipa sehemu kubwa, wazazi mnalipa robo tu ya gharama, kwa hiyo usimbakishe mdogo nyumbani kwa kuogopa hela. Na sherehe ya kuzaliwa huku inaalika darasa zima au wasichana wote, hawachagui, kwa hiyo mwanao ataalikwa, we ukimpeleka usimshushe ukakimbia, uliza kama wanahitaji msaada kukata keki. Na mkipata nyumba kwenye majengo yale ya ushirika kuna siku wakazi wote wanatoka kufagia uwanja na kupaka rangi mabenchi alafu wanachoma soseji, usikose hata iwe baridi, jirani wa hej ndo siku hiyo anakuambia jina lake.

Haya, kazi.

Katika kwaya hiyohiyo dada mmoja aliniuliza nafanya nini, nikamwambia nasafisha ofisi alfajiri ila nimesomea manunuzi. Akasema kwao kuna mtu anaenda kujifungua wanatafuta wa kushikilia nafasi. Huku mzazi anaweza kukaa nje ya kazi karibu mwaka, na nafasi yake lazima ishikwe na mtu, tena zile nafasi hazigombaniwi sana na Wadenishi wenyewe wanaotaka kazi ya kudumu. Zitafute hizo shoga, wanaita barselsvikariat, wengi walioingia kwa kushikilia wamebaki humohumo mpaka leo. Nikatuma maombi, dada akamwambia bosi namjua huyu anafika kila wiki na hachelewi. Hakusema nina akili wala digrii, alisema hachelewi, na niliitwa.

Nasema hivyo sababu kutuma tu maombi mtandaoni kutakuvunja moyo. Jobindex, ile tovuti ya matangazo ya kazi, utaifungua kila siku na uifungue, lakini jina letu linatupunguzia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walishapima, maombi yaleyale yenye jina la kigeni yanaitwa mara chache kuliko yenye jina la Kidenishi. Inauma na ni dhuluma, na siwezi kukupamba. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kuwa mtu kabla hujawa karatasi. Karibu kila tangazo lina jina na namba ya simu ya wa kumuuliza, na huku kupiga sio usumbufu, wanategemea upige. Andika maswali yako mawili ya kweli kuhusu kazi, piga, alafu barua ya maombi uianze kwa yale mliyoongea. Barua ukurasa mmoja usizidi. CV kurasa mbili, na uweke unapenda nini nje ya kazi, kuimba, kupika, wanalisoma hilo kwa makini kweli. Unaweza pia kuandikia kampuni ambayo haijatangaza chochote, ni kawaida tu huku na watu wanapata.

Makaratasi yataanza siku ya kwanza. Bila namba ya CPR, namba ya utambulisho ya kila mkazi, huna benki, huna daktari, huna kitu. Alafu MitID, kitambulisho cha kuingilia huduma mtandaoni, alafu kodi, hapo sikiliza vizuri, hakikisha kadi yako ya kodi imetoka kabla mshahara wa kwanza la sivyo wanakata asilimia 55 kavukavu. Mengi utayafanyia Dokk1, maktaba kubwa ile ya bandarini, ofisi za huduma zimo humohumo. Utasikia kengele kubwa inagonga ghafla ukiwa umekaa, usishtuke, mzazi hospitali kabonyeza kitufe, mtoto kazaliwa mjini.

Kima cha chini cha mshahara kwa sheria hakuna, mishahara inapangwa na vyama vya wafanyakazi na waajiri. Kwa hiyo ujiunge na chama, wahasibu wengi wako HK, chama cha watu wa ofisini na madukani, na ujiunge na a-kasse, mfuko wa bima ya kukosa kazi, siku unayopata kazi usisubiri, maana ukipoteza kazi hawakulipi kama hujachangia mwaka mzima. Niliposafisha ofisi kuna mwajiri alikuwa anatukata masaa, nilipoingia chama barua moja tu ilitoka na hela zikarudi. Na kibali chako kimeshikana na cha shemeji, unaruhusiwa kufanya kazi ila cha kwake kikiisha na chako kimeisha, hilo mliongee nyie wawili mapema.

Kuhusu Kidenishi, watakuambia Kiingereza kinatosha, na kwa uhasibu kwenye kampuni kubwa kweli unaweza kuanza hivyo. Usikubali kuishia hapo. Wakati wa chakula cha mchana saa tano na nusu meza nzima inaongea Kidenishi, na mezani pale ndo mtu anajulikana na habari za nafasi zinapita. Anza darasa mwezi wa kwanza, na wakikubadilishia Kiingereza we waombe waendelee, wanafurahi. Ndani ya kazi usimwite bosi madamu, jina lake la kwanza, najua kwa malezi yetu mdomo unagoma kwa mtu wa umri wa mama yako ila hapo heshima ni kusema unachofikiri na kufika kwa wakati. Saa tisa au kumi watu wanaondoka kuchukua watoto na hamna anaewatazama vibaya, wiki ni masaa 37.

Kama uhasibu utachelewa usione aibu kuanzia chini kidogo. Wakenya wawili nawajua wamesomea SOSU, kuhudumia wazee, unalipwa ukiwa bado unasoma, na kazi hazikosekani.

Wenzetu wapo, usidhani utakuwa peke yako, kuna Watanzania na kuna Wakongo wa Kivu na Kiswahili chao kitamu, na kwenye soko la Bazar Vest utapata iliki na nazi na ndizi za kupika kwa hiyo sanduku usilijaze chakula. Tutakula Idi pamoja. Ila kila wiki uwe na jioni moja ya Wadenishi, hiyo naomba uniahidi. Desemba jua linazama kabla hata saa kumi haijafika na jioni hiyo moja ndo itakutoa nje.

Sasa nitumie CV yako ilivyo hata kama haijakaa sawa, tuifupishe kabla hujaja, yule dada wa kwaya kasema idara yao ya fedha kuna mtu anakaribia kujifungua. Na uniambie bado unaimba sauti ya pili kama shuleni au umebadilisha, maana mazoezi yanaanza tena Agosti na mwenyekiti anaandika majina.

Nakupenda, wasalimie Tanga wote,
Mimi shoga ako wa Aarhus