Mmesogeza siti tu, mbona mnatoza?

Kwetu mafundi tunaopanga baiskeli imfae mwendeshaji, swali hili halipiti wiki bila kuulizwa. Mteja ameleta baiskeli, amepimwa miguu, amepanda kwenye stendi inayoishikilia baiskeli apige pedali papo hapo, ameshuka, amepanda tena, na baada ya saa moja na nusu anaitazama baiskeli yake asione kilichobadilika. Siti imepanda milimita 18 na kurudi nyuma milimita 12. Shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika usukani, imegeuzwa. Hakuna kipuri kipya hata kimoja. "Sasa mmefanya nini hapa? Si mmesogeza siti tu!"

Ndiyo, tumesogeza siti. Kulegeza na kukaza bolti zenyewe ni kazi ya dakika tano, na ingekuwa hiyo tu tungeifanya bure kama tunavyojaza upepo. Muda uliobaki ulikwenda kwenye kujua kwamba ni milimita 18 na si 30, na kwamba siti ikirudi nyuma, kimo chake kwa mguu nacho kinabadilika hata kama hukukigusa.

Utaratibu wetu ni mmoja: tunaanzia miguuni na kumalizia mikononi. Siti hupangwa kwa ajili ya miguu. Usukani hupangwa baadaye, kuifuata siti. Kazi nyingi zinazotujia zikiwa zimeshaharibika ni za watu waliopanga siti kwa ajili ya mikono, au kwa ajili ya kusimama kwenye taa za barabarani.

Kimo

Mteja anasimama peku, mgongo ukutani, na kitabu kigumu kinapachikwa katikati ya miguu na kusukumwa juu mpaka kwenye msamba, kwa nguvu ileile ya kukalia siti. Kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu ndio urefu wa mguu kwa ndani. Tunapima mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza karibu kila mtu anaona aibu kukisukuma, na sentimita nzima inapotea hapo.

Urefu huo ukiuzidisha kwa 0.883 unapata kimo cha kuanzia, kutoka katikati ya ekseli kubwa, pale krenki (mikono inayobeba pedali) zinapozungukia, hadi juu ya siti, ukifuata bomba la siti. Kwa mguu wa sentimita 80 ni 70.6. Kanuni hii inajulikana kwa jina la Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Iko nyingine ya zamani zaidi inayochukua asilimia 109 ya mguu na kupima kutoka ekseli ya pedali ikiwa chini kabisa: kwa mguu uleule ni 87.2, na ukitoa krenki ya sentimita 17 unabaki na 70.2. Kanuni mbili, tofauti milimita 4, na hapo bado hatujagusa unene wa soli, unene wa pedali, wala yule anayekanyaga kwa ncha za vidole. Watu huja na namba waliyoipata kwenye simu wakitaka tuifunge hivyohivyo. Tunaifunga, halafu tunaanza kazi.

Kazi yenyewe ni kupanda kwenye stendi na kupiga pedali dakika kumi kwa gia unayotumia siku zote. Dakika tatu za kwanza kila mtu hukaa vizuri kwa heshima ya fundi. Baada ya hapo mwili unasahau kwamba unatazamwa, na ndipo tunaposimamisha pedali chini na kupima pembe ya goti kwa kipimapembe chenye mikono mirefu: mkono mmoja kwenye kifundo cha mguu, mhimili ubavuni mwa goti, mkono wa pili kwenye mfupa wa nyonga. Goti liwe limekunjwa kati ya nyuzi 25 na 35. Kisha tunasimama nyuma na kutazama kiuno. Kikiyumba kushoto na kulia kuisaka pedali, siti iko juu mno, hata kipimapembe kikisema iko sawa.

Nyumbani, bila vifaa, tumia kisigino. Vaa viatu vyako vya kuendeshea, weka kisigino juu ya pedali, zungusha kinyumenyume mpaka pedali ifike mbali kabisa na siti. Mguu unyooke bila kiuno kuinama. Ukihamishia kanyagio kwenye sehemu pana ya unyayo, ile iliyo nyuma ya vidole, goti litakunjwa kidogo lenyewe. Hapo uko ndani ya sentimita moja ya ukweli, na kwa safari fupi panatosha. Hatuoni haya kusema hivyo; si kila baiskeli inahitaji kuja kwetu.

Njia ya mkato inayotuletea magoti mengi kuliko zote ni kushusha siti ili nyayo zote mbili zikanyage chini ukiwa umekaa. Hesabu yake haikubali. Ekseli kubwa kwenye baiskeli nyingi iko kama sentimita 27 kutoka ardhini, krenki ni 17, kwa hiyo pedali ikiwa chini kabisa bado ina sentimita 10 hewani. Ukiweza kukanyaga ardhi kwa unyayo mzima, ina maana kwenye pedali mguu wako haufiki hata karibu na kunyooka. Mfupa wa pia ya goti unakandamizwa dhidi ya mfupa wa paja kila mzunguko, na kwa mizunguko 80 kwa dakika hiyo ni mara 4,800 kwa saa, kila mguu. Maumivu yanakuja mbele ya goti, mtu ananunua dawa ya kuchua, siti inabaki palepale. Dawa ni kujifunza kushuka mbele ya siti unaposimama, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali. Ni zoezi la jioni mbili.

Upande wa pili wapo wanaoinua siti kupita kiasi kwa kuwaiga wanariadha. Hao huumia nyuma ya goti, au kuchubuka mapajani. Kuna fremu ililetwa ikiwa imepasuka nyuma, pale bomba la siti linapokutana na bomba la juu, kwa sababu nguzo ya siti ilikuwa imetolewa kuuvuka mstari wa mwisho uliochorwa juu yake. Fremu ilikuwa ndogo kwa mwenyewe, aliinunua kwa kuwa ilipunguzwa bei. Hiyo hatukuweza kuirekebisha, na lawama tulipata sisi.

Mbele na nyuma

Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi kweli. Krenki zikiwa zimelala sawasawa na ardhi, tunaning'iniza timazi, uzi wenye nati mwishoni, kutoka mbele ya goti la mguu ulio mbele. Uzi upite karibu na ekseli ya pedali. Si sheria ya maumbile, ni mahali pa kuanzia tu. Mwenye mapaja marefu mara nyingi hutulia nyuma zaidi ya hapo.

Sasa malalamiko: mikono inakufa ganzi, mabega yanauma, usukani uko mbali. Karibu kila mtu hufanya jambo moja kabla ya kuja. Anasukuma siti mbele ili ausogelee usukani. Siku ya kwanza anaona nafuu, wiki ya pili ganzi imezidi na goti nalo limeanza.

Fanya jaribio hili hapo ulipo. Simama visigino na makalio vikiwa vimegusa ukuta, kisha jaribu kuinama kuokota kitu sakafuni bila kukunja magoti. Utaanguka mbele. Mtu akiinama, makalio lazima yarudi nyuma ili uzito ubaki juu ya miguu, na ukuta umeyazuia. Siti iliyosukumwa mbele ni ukuta huo. Makalio hayana pa kurudi, kiwiliwili kinaelemea mbele, na viganja ndivyo vinavyokibeba. Ndiyo maana mteja anayelalamika usukani uko mbali mara nyingi hutuona tukirudisha siti nyuma, na hapo ndipo anapoanza kuamini kwamba tunamtania.

Kipimo chetu ni hiki: ukiwa kwenye stendi, piga pedali kwa nguvu ya wastani, kisha inua viganja sentimita mbili juu ya usukani bila kubadili mgongo. Ukiweza kukaa hivyo sekunde chache, siti iko mahali pake. Ukidondoka mbele, irudi nyuma milimita 5, upimwe tena. Na kwa kuwa bomba la siti kwenye fremu nyingi limelala kama nyuzi 73, kila milimita 10 za kurudi nyuma zinaongeza kama milimita 3 za umbali kutoka kwenye pedali. Siti ishushwe kiasi hicho. Anayesahau hilo anarekebisha mikono na kuvuruga magoti aliyoyalipia.

Pua na sponji

Siti iwekewe pimamaji. Iwe sawa, au pua ishuke nyuzi 1 hadi 3, basi. Pua ikishuka zaidi unateleza mbele na mikono inageuka breki ya mwili. Ikipanda, msamba unakufa ganzi, na ganzi hiyo si ya kuzoea: ni mishipa ya fahamu na ya damu inayobanwa.

Kuhusu kifuniko laini cha jeli, tuseme tu kwamba tunakichukia. Mwili wa mwendesha baiskeli unatakiwa kubebwa na mifupa miwili ya makalio. Sponji nene inaiacha mifupa izame, halafu yenyewe inapanda katikati, palepale pasipotakiwa kuguswa. Juu ya hayo inainua kimo kwa sentimita moja au mbili bila mtu kupima. Mteja mmoja alifika na vifuniko viwili, kimoja juu ya kingine, kiuno kinayumba kama mtumbwi, akiomba cha tatu. Alichohitaji ni siti pana zaidi. Kujua upana wako, kalia kipande cha katoni yenye mawimbi juu ya kiti kigumu, vuta kiti kwa mikono ujikandamize, kisha pima kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya la pili. Ongeza milimita 20 hadi 25 kama unaendesha umeinama, zaidi ya hapo kama unakaa wima.

Usukani

Siti ikitulia ndipo tunagusa mbele. Viwiko vikunjwe kidogo, mabega yasipande masikioni. Shingo ya usukani ya milimita 100 yenye pembe ya nyuzi 6 ikigeuzwa kichwa chini hupandisha usukani kama sentimita 2 na kuusogeza karibu milimita 6, bila kununua kitu. Pete zilizo chini ya shingo zinaongeza au kupunguza, na ndiyo maana tunakataa kukata bomba la uma, lile ambalo shingo inafungwa juu yake, siku ya kwanza, hata mtu akisisitiza kwamba pete zinaharibu sura. Bomba likikatwa halirefuki.

Kama unafanya mwenyewe, zingatia mfuatano. Legeza kwanza bolti za pembeni za shingo, ndipo uiguse ya juu. Ile ya juu kazi yake ni kuondoa mchezo, yaani kulegalega, kwenye beringi tu, haishiki usukani. Wanaoikaza kwa nguvu ili usukani usizunguke hutuletea beringi zilizosagika. Ikaze mpaka ukibana breki ya mbele na kutikisa baiskeli usisikie mchezo, nyoosha shingo na tairi, kisha kaza za pembeni kwa zamu kwa nguvu iliyoandikwa juu yake, mara nyingi nyutoni mita 5.

Wanaotaka kasi wanatuomba tushushe usukani chini kabisa. Ni kweli kwamba kwenye tambarare, ukipita kilomita 20 kwa saa, adui mkubwa ni upepo, na sehemu kubwa ya kinachokinga upepo ni mwili wako na si baiskeli. Lakini mkao wa chini usioweza kuushikilia haukupi kitu. Mapaja yanagonga tumbo, pumzi inakatika, na baada ya robo saa umeinuka mwenyewe. Tunashusha pete moja, unaendesha wiki mbili, ukiweza kukaa hapo saa nzima tunashusha ya pili.

Tukimaliza tunaandika vipimo vyako kwenye kadi: kimo cha siti, umbali wa pua ya siti nyuma ya ekseli kubwa, umbali kutoka pua hadi usukani, na tofauti ya kimo kati ya siti na usukani. Ukibadilisha viatu, pedali au siti, kadi hiyo inahitaji kupimwa upya, kwa sababu siti mbili kwenye nguzo ileile zinaweza kupishana kimo kwa sentimita nzima. Kurudi mara moja ndani ya wiki tatu kumo kwenye bei uliyolipa. Wengi hawarudi, husogeza wenyewe, kisha hutuambia haikusaidia.

Ukija, njoo na viatu na suruali unayoendeshea, si ile uliyotokea kazini. Usiisawazishe siti njiani. Na utuambie panapouma kwa kidole, ukionyesha: mbele ya goti, nyuma yake, au vidole viwili vya mwisho vya mkono.