Mwanangu, Fernandes si ukoo mmoja

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Filomena,

Ujumbe wako nimeusoma, baba yako kausoma, na mdogo wako keshautangaza mtaa mzima. Nafasi ya chuo umeipata kwa jasho lako na hakuna wa kukunyang'anya sifa hiyo. Kinachoninyima usingizi ni huyo bwana wa huko Lisbon, Ureno, unakokwenda kusoma, unayemwita anko, eti kwa kuwa naye ni Fernandes kama sisi, basi ni ukoo mmoja. Atakupokea uwanja wa ndege, atakaa na pasi yako ya kusafiria akakutafutie namba ya kodi, na kwa yuro mia tatu atakutolea cheti cha ukoo chenye ngao ya rangi. Pasi usimpe, Filomena.

Jina lenyewe wala halina fumbo. Fernandes ni mwana wa Fernando, basi. Ile -es ya mwisho ndiyo "bin" yao: Rodrigues ni wa Rodrigo, Gonçalves wa Gonçalo, Nunes wa Nuno, Lopes wa Lopo. Na zamani lilikwenda kama bin kweli, likibadilika kila kizazi. Mfalme wa kwanza wa Ureno, Afonso Henriques, aliitwa hivyo kwa kuwa baba yake alikuwa Henrique. Mwanawe Sancho hakuwa Henriques tena. Majina haya yalianza kuganda yakawa ya kurithi mwishoni mwa zama za kati. Sasa piga hesabu: Fernando lilikuwa jina la wafalme, kwa hiyo kila kijiji kilikuwa na akina Fernando wake. Kila mmoja aliacha akina Fernandes wake, wasiojuana na wa kijiji cha pili. Hapo bado hatujatoka Ureno.

Fernando nalo lililetwa na Wavisigothi, watu wa jamii ya Kijerumani walioingia rasi ya Iberia, yaani Uhispania na Ureno za leo, karne ya 5. Nusu ya pili ya jina ni ujasiri. Nusu ya kwanza wataalamu wanavutana, wengine wanasema safari, wengine amani. Baba yako ameshachagua safari, anajigamba nayo tangu asubuhi. Mimi nasema ujasiri wa safari si kumkabidhi pasi mtu uliyemjua kwenye simu.

Kwetu jina lilipitia Goa, pwani ya India, na hapo ndipo huyo anko anapokudanganya au anajidanganya. Jemadari wa Kireno, Albuquerque, aliiteka Goa mwaka 1510. Wamisionari wakagawana wilaya zake, Wafransisko wakachukua Bardez, Wajesuiti wakachukua Salcete, ambako ndiko Margao alikotoka babu wa baba yako. Aliyebatizwa alipewa jina la Kikristo pamoja na jina la ukoo la Kireno, mara nyingi la msimamizi wake wa ubatizo au la padre aliyembatiza. Msimamizi akiwa Fernandes, basi waliosimama mbele yake siku hiyo wote wanatoka kanisani ni Fernandes, hata kama asubuhi walikuwa na majina ya Kihindu, Naik, Kamat na Prabhu, wa nyumba mbalimbali. Ndiyo maana ukifika Goa ukisema unatafuta akina Fernandes watakuuliza kijiji gani, nyumba gani. Msumbiji, Angola na Cape Verde mambo yalikuwa ya namna hiyohiyo, na watumwa wengi walibandikwa majina ya mabwana zao. Hata Mombasa, Sultani Yusuf bin Hasan alilelewa Goa na Wareno wakamwita Dom Jerónimo, mpaka alipolitupa jina lao mwaka 1631 na kuwageuka ndani ya Ngome yao wenyewe, Fort Jesus.

Kwa hiyo Fernandes wa Lisbon anaweza kuwa mzungu wa kaskazini ya Ureno, Mgoa, Mwangola au mtu wa Praia kule Cape Verde, na hakuna hata tone la damu linalowaunganisha. Jina liko kila mahali. Huko Ureno ni kati ya yale ya kawaida kabisa, japo Silva ndilo linaloongoza. Kwa Wahispania ni Fernández, moja ya matano makubwa nchini mwao. Kwao pia F ya mwanzo ilidhoofika ikawa H, ndiyo ukapatikana Hernández, lililo juu kabisa huko Meksiko na lenye watu zaidi ya milioni moja kwenye sensa ya Marekani ya 2010. Timu ya magongo ya Kenya ya miaka ya 1960 ilikuwa nao kadhaa, Hilary, Edgar, Silu. Na Bruno wa Manchester si shemeji yetu, mwambie mdogo wako aache kudanganya wenzake shuleni.

Hiyo ngao ndiyo kabisa. Ngao alipewa mtu fulani na kizazi chake, haikupewa jina. Hakuna ngao ya akina Fernandes wote. Anachouza ni picha ya kuchapisha dukani.

Kitu kingine, na hiki kimenishtua kuliko yuro mia tatu: umeandika kwamba ana rafiki SEF, idara ya uhamiaji ya Ureno, atakayekuharakishia kibali cha ukaazi. SEF ilivunjwa Oktoba 2023. Kazi ya vibali sasa ni ya wakala mpya, AIMA. Mtu anayeishi huko na hajui hilo, au anajua na anakwambia vinginevyo, huyo unampa pasi ya nini? Namba ya kodi, NIF, inatolewa Finanças, ofisi yao ya kodi. Beba pasi na uthibitisho wa anwani, na ukiambiwa unahitaji mwakilishi wa kodi, waulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwenu. Wakihitaji nakala ya pasi, toa nakala, uandike juu yake kwa kalamu tarehe na shughuli ya nakala hiyo.

Sasa herufi. Kireno ni Fernandes, s mwishoni, hakuna alama juu. Fernández yenye z na alama ni Kihispania. Fernandez yenye z bila alama ni ya makarani wa Kiingereza, na huku kwetu imejaa. Pasi yako na cheti chako cha kuzaliwa vina s. Cheti cha ndoa yetu kina z. Karani aliandika alivyosikia, tukatia sahihi, picha zikapigwa. Baba yako anaandaa hati ya kiapo kwa wakili kwamba z na s ni mtu mmoja. Ukitaka siku moja kufuatilia uraia kupitia Goa, watakagua mnyororo mzima: kuzaliwa kwa babu, ndoa yake, kuzaliwa kwa baba, ndoa yetu, wewe. Herufi moja ikikataa, jalada linarudi. Shauri la uraia mpelekee wakili tu, na jina lake ulitafute kwanza kwenye orodha ya Ordem dos Advogados, chama cha mawakili cha Ureno. Anko si wakili.

Kwenye fomu, nome próprio ni jina lako, apelido ni la ukoo. Angalia hapo katikati: sisi tunaweka jina la baba, wao hawana desturi hiyo. Kwao huja la ukoo wa mama, kisha la ukoo wa baba mwishoni. Karani akikuta Anthony, jina la baba yako, katikati ya jina la msichana atadhani ni ukoo wa mama yako, akuandike Anthony Fernandes. Mwonyeshe ukurasa wa pasi, mstari wa jina la ukoo, na usiondoke dirishani hujasoma alichoandika. Ukiondoka, kurekebisha ni foleni nyingine na miadi nyingine.

Sweta nimenunua mbili, za mtumba lakini nzito. Achari ya ndimu nimeifunga kwa nailoni mara mbili, iweke kwenye begi kubwa, ya mkononi wataitupa. Pilipili ya kusaga nusu kilo, usiongeze. Fundi wa bati hajarudi na mvua imeanza, kwa hiyo vitabu vyako nimevihamishia chumbani kwetu. Kile cha fizikia kimelowa kidogo, kinaanikwa. Shangazi yako wa Korogwe anataka kukuaga, nauli yake ni juu yangu tena. Baba yako anasema usimjibu huyo bwana kwa ukali. Mimi nasema usimjibu kabisa. Ukifika, panda metro mwenyewe hadi hosteli, kituo kiko hapohapo uwanja wa ndege, halafu unipigie picha ya pasi ikiwa mkononi mwako. Hata kama ni usiku wa manane huku.

Mama yako